Joka Halitoshi: Namna ya Kuzitambua Aina za Fantasia

Wasomaji wa fantasia hawachoki kuuliza swali hili: "Kitabu hiki kina joka, mchawi na upanga. Na kile nacho kina joka, mchawi na upanga. Mbona mnasema si vya aina moja?" Wengine huuliza wakiwa wamekwisha kuvunjika moyo. Walinunua kitabu wakitarajia vita vya kuuokoa ulimwengu, wakamkuta mwizi mmoja anapanda ukuta usiku. Wachezaji wa michezo ya mezani nao hukutana na swali hilohilo kwa sura nyingine. Watu watano wamekubaliana kucheza "fantasia". Haijapita hata saa moja, wawili wanataka kuuokoa ufalme, wawili wanataka kupora kaburi la mfalme, na wa tano anataka kuogopeshwa mpaka nywele zisimame. Hakuna aliyekosea, ila kila mmoja amekaa kwenye hadithi yake.

Jibu la sura hii ni moja, na tutalifuata hadi mwisho. Vitu vilivyomo ndani ya hadithi havitoshi kutuambia ni hadithi ya aina gani. Majoka, mapanga na fimbo za kichawi huazimwa huku na huku. Tunachopaswa kuangalia ni hadithi inamlipa mhusika kwa lipi, na inamtoza nini.

Maneno ya kuanzia

Tukubaliane kwanza juu ya maneno manne.

*Fantasia* ni hadithi ya kubuni ambayo ndani yake jambo lisilowezekana katika maisha yetu linawezekana, na mwandishi na msomaji wote wanajua kwamba limebuniwa. Hapo ndipo inapoachana na utendi na visasili. Fumo Liyongo hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Lakini watu wa pwani waliomsimulia hawakumsimulia kama kiumbe cha kubuni. Kwao alikuwa shujaa aliyeishi, mwenye jamaa na maadui.

*Kipera* ni neno tunalolijua tangu darasani: utanzu ni tawi kubwa la fasihi, na vipera ni matawi madogo yanayochipuka humo. Fantasia ni pana mno, na sura hii inahusu vipera vyake.

*Mchezo wa uigizaji wa mezani* hauna jukwaa wala mavazi. Watu wachache huketi pamoja. Mmoja ni msimulizi: anaeleza mahali walipo, na anawasemea walinzi, wafalme na mazimwi. Kila mmoja wa wengine ana mhusika wake mmoja na humwamulia la kufanya. Mhusika akitaka kuruka shimo na haijulikani kama ataweza, dadu hurushwa na kanuni huamua. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapishwa na kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, ukiwa kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson.

*Dunia ya mchezo* ni nchi yenyewe wanamotembea wahusika: ramani yake, miungu yake, historia yake na masharti ya uchawi wake. Mchezo mmoja unaweza kuchezwa katika dunia nyingi.

Mwizi mnarani: upanga na uchawi

Desemba 1932, jarida la Marekani lililoitwa Weird Tales lilichapisha hadithi ya kwanza ya Conan, iliyoandikwa na Robert E. Howard, kijana wa Texas. Miezi michache baadaye, Machi 1933, ikafuata "The Tower of the Elephant". Tuitazame hii kwa karibu, maana inakionyesha kipera chake chote kwa usiku mmoja tu.

Conan bado kijana, mgeni mjini, mwizi asiye na jina. Akiwa kilabuni anasikia habari za kito cha thamani kilichofichwa katika mnara wa kuhani mchawi aitwaye Yara. Anaamua kukiiba usiku uleule. Bustanini kuna simba. Juu ya mnara kuna buibui mkubwa anayemuua mwizi mzoefu aliyekuwa naye. Chumbani anakikuta kiumbe mwenye kichwa cha tembo, kipofu, aliyekuja zamani kutoka nyota za mbali na kuteswa na Yara kwa miaka mingi ili atoe siri za uchawi. Conan anamhurumia. Anamuua kwa ombi lake mwenyewe, kisha anatimiza kisasi chake kwa mchawi. Mnara unaanguka, na Conan anaondoka mikono mitupu.

Hakuna ufalme uliookolewa, na asubuhi mji utakuwa uleule. Aliyebadilika ni mtu mmoja, naye alikwenda pale kwa tamaa yake mwenyewe. Na uchawi? Uko mikononi mwa watu wabaya au viumbe wageni, unatisha, na mwenye akili hukaa nao mbali.

Kwa miaka mingi hadithi za namna hii hazikuwa na jina lililokubalika. Mwaka 1961 mwandishi Fritz Leiber, ambaye naye alikuwa ameandika tangu 1939 habari za marafiki wawili wezi, Fafhrd na Gray Mouser, alipendekeza jina lililodumu: *upanga na uchawi*. Hata mpangilio wa maneno unafaa. Upanga ni wa shujaa, na uchawi ni wa adui.

Pete isiyotakiwa: fantasia kuu

Sasa tumchukue J. R. R. Tolkien, mwalimu wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Alichapisha The Hobbit mwaka 1937 na The Lord of the Rings kati ya 1954 na 1955. Vitabu hivi vinatokea katika dunia moja, na baadhi ya wahusika ni walewale. Watu wengi huviweka katika kapu moja bila kufikiri.

Lakini angalia malipo. Katika The Hobbit, Bilbo anaajiriwa na vibeti kumi na watatu kama mwizi. Anaandikiwa mkataba: atapata sehemu moja ya kumi na nne ya faida, ikiwa itapatikana. Wanakwenda kuchukua hazina iliyolaliwa na joka. Ukiuondoa upole wa hadithi ya watoto, hii ni safari ya kwenda kuiba, na jirani yake wa karibu ni Conan akiupanda mnara.

Katika The Lord of the Rings, Frodo anabeba pete kwenda kuitupa motoni. Hakuna fungu la hazina wala mkataba. Mzigo wenyewe unamla mbebaji kila siku inayopita. Akishindwa, nchi zote zitatawaliwa na bwana mmoja mwovu. Akishinda, zama nzima itafungwa, elfi wataondoka, na yeye mwenyewe hatapona kikamilifu. Hiyo ndiyo *fantasia kuu*, jina ambalo mwandishi Lloyd Alexander alisaidia kulithibitisha kwa makala yake ya mwaka 1971. Ukuu wake hauhesabiwi kwa kurasa. Hatima ya ulimwengu mzima imewekwa mabegani mwa mtu, na anayetenda jema hulitenda kwa hasara yake.

*Kwa ufupi:* katika upanga na uchawi, mtu anatafuta chake, na ulimwengu unabaki ulivyokuwa. Katika fantasia kuu, mtu anatoa chake ili ulimwengu usiangamie. Dunia moja ya kubuni inaweza kubeba hadithi za vipera vyote viwili.

Dhahabu ilivyohesabiwa mezani

Michezo ya mezani ina faida kubwa kwa mtu anayetaka kuvielewa vipera: ndani yake malipo yameandikwa kwa tarakimu. Kitabu kinaweza kuficha kinachokithamini, kanuni haiwezi.

Katika Dungeons & Dragons ya miaka ya mwanzo, mhusika alipanda ngazi kwa kukusanya pointi za uzoefu. Mpiganaji alihitaji pointi 2,000 kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili. Zilipatikana wapi? Chukua kanuni za wanaoanza zilizotolewa mwaka 1981. Kumuua orki mmoja, askari mwovu wa kawaida, kulileta pointi 10. Sarafu moja ya dhahabu iliyotolewa pangoni na kufikishwa mahali salama ilileta pointi moja. Sanduku la sarafu 600, basi, lilikuwa sawa na maiti sitini za orki, na pointi zote hugawanywa miongoni mwa wachezaji.

Hesabu hiyo iliwafunza wachezaji tabia. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza anaweza kufa kwa pigo moja au mawili, na pigano lenyewe halilipi. Kwa hiyo wenye akili walijifunza kumhonga mlinzi, kuingia kwa njia ya nyuma, kuwagombanisha mazimwi wao kwa wao, kisha kubeba sanduku na kukimbia. Hakukuwa na haja ya kuwaambia, "Chezeni kama Conan." Jedwali la pointi lilikwisha kuwaambia. Gygax mwenyewe, katika kitabu cha wasimulizi cha mwaka 1979, aliorodhesha vitabu vilivyomwongoza, na Tolkien yumo pamoja na Howard, Leiber na Jack Vance. Elfi na vibeti walitoka upande wa Tolkien, lakini malipo yalitoka upande wa wezi.

Mwaka 1984 ilikuja Dragonlance, dunia iliyojengwa na Tracy Hickman, Margaret Weis na wenzao kwa ajili ya mchezo huohuo. Wahusika wake wanaishi baada ya maangamizi makubwa. Watu wanaamini kwamba miungu imewaacha, na uponyaji wa kweli umepotea. Majeshi yenye majoka yanakuja, na kazi ya mashujaa ni kuleta ushahidi kwamba miungu ya kale ingalipo, kisha kuyasimamisha majeshi hayo. Hiyo ni fantasia kuu waziwazi. Na waandishi walifanya jambo dogo lenye maana kubwa: katika dunia hiyo fedha ya kununulia ni chuma cha pua, na dhahabu karibu haina thamani. Kitu kilekile kilichowavuta wachezaji wa kwanza mapangoni kikanyang'anywa mvuto wake.

Mwaka 1989, toleo la pili la mchezo liliifanya kanuni ya pointi za dhahabu kuwa ya hiari. Wachezaji wengi walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye hadithi za kuokoa falme, na kanuni ikawafuata.

Uchawi una bei gani?

Swali la malipo likishajibiwa, linabaki la gharama. Tazama mifano minne, kila mmoja na bei yake ya uchawi.

- Dark Sun (1991). Dunia iitwayo Athas ni jangwa. Mchawi anayeroga hunyonya uhai wa mimea iliyo karibu, na asiyejali huacha ardhi ikiwa majivu. Wachawi wa zamani ndio walioikausha dunia, na sasa watawala-wachawi wanamiliki miji iliyobaki. Madini ni adimu, kwa hiyo watu hupigana kwa silaha za mfupa, jiwe na mti zinazoweza kuvunjika katikati ya vita. Wachezaji huhesabu maji kabla ya kuhesabu maadui.
- Ravenloft (1983, ikapanuliwa kuwa dunia kamili mwaka 1990). Hii ni *fantasia ya giza*, yaani fantasia iliyochanganyika na hadithi za kutisha. Count Strahd von Zarovich alimuua ndugu yake siku ya harusi kwa kumtamani bibi harusi, akageuka mnyonya damu na mfungwa wa nchi yake mwenyewe. Ukungu umeizunguka nchi. Ni rahisi kuingia, kutoka ni shida. Atendaye uovu humo anaweza kupewa nguvu mpya, na kila nguvu inamsogeza karibu na kuwa zimwi yeye mwenyewe.
- Call of Cthulhu (1981). Mchezo huu, uliotokana na hadithi za H. P. Lovecraft, kwa kawaida huwekwa katika miaka ya 1920, na wengi huuita wa kutisha kuliko fantasia. Mhusika ana pointi za akili timamu. Akiona kiumbe asichopaswa kuona, hupungukiwa. Akisoma vitabu vya siri ili apate ujuzi wa kupambana, kiwango cha juu kabisa cha utimamu anachoweza kuwa nacho hushuka. Maarifa yenyewe ndiyo gharama.
- Eberron (2004). Keith Baker aliibuni kwa ajili ya shindano la kutafuta dunia mpya ya mchezo, akashinda. Hapa uchawi umekuwa huduma: taa za barabarani, treni zinazosukumwa na umeme wa kichawi, vyombo vya angani, na koo za wafanyabiashara zinazotoza nauli. Uchawi una bei ya sokoni, na hadithi zake zinahusu upelelezi, majeraha ya vita vilivyokwisha juzi, na haki za askari waliotengenezwa kwa chuma na mbao, ambao baada ya vita wanauliza nafasi yao ni ipi.

Dunia tatu kati ya hizi, Dark Sun, Ravenloft na Eberron, zimewahi kuchezwa kwa kanuni za mchezo mmoja, Dungeons & Dragons, kwa dadu zilezile na mapanga yaleyale. Kinachozitenganisha ni kile mchawi anachopoteza anapoinua mkono wake.

Vipera vingine kwa haraka

*Fantasia ya mlango* humtoa mtu katika dunia yetu na kumwingiza katika nyingine. Mfano maarufu ni kabati la nguo la C. S. Lewis katika kitabu cha kwanza cha Narnia, 1950. *Fantasia ya mjini* huuleta uchawi kwenye lami na taa za barabarani, kama Neil Gaiman alivyofanya na London katika Neverwhere (1996), au kama mchezo wa Vampire: The Masquerade (1991) ulivyowafanya wanyonya damu kuwa chama cha siri ndani ya miji ya leo. *Fantasia katili* huchukua falme na majeshi ya fantasia kuu lakini huondoa ile ahadi kwamba wema utalindwa. George R. R. Martin, kuanzia A Game of Thrones (1996), aliwazoesha mamilioni ya wasomaji kuona mtu mwaminifu akikatwa kichwa kwa sababu ya uaminifu wake.

Maswali manne ya kupimia

Ukiwa na kitabu mkononi, au ukiwa na marafiki mezani kabla ya kuanza mchezo, uliza:

1. Mhusika anatafuta chake, au anabeba mzigo wa wengine?
2. Uchawi uko mikononi mwa nani, na anayeutumia anapoteza nini?
3. Mambo yakiisha, ni nini kitakuwa kimebadilika: mtu, mji, au ulimwengu?
4. Je, hadithi inaahidi kwamba wema hulipwa, au inatuacha na wasiwasi?

Maswali haya hayachagui lugha. Chukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanamtosa Adili baharini kwa husuda. Jini anamwokoa na kuwageuza ndugu wale kuwa manyani, na Adili analazimika kuwapiga kila usiku ingawa anawapenda. Mambo yanatengemaa mfalme anapoingilia kati na ndugu wanaposamehewa. Ukihesabu vitu vilivyomo tu, yaani jini, mfalme na miji ya mbali, utaiweka karibu na Conan. Ukiuliza maswali manne, utaona kwamba uchawi humu ni hukumu: humwangukia mwovu, na pia humtoza mwema machozi. Kinacholipwa ni uvumilivu na msamaha. Hii ni fantasia ya maadili, na jirani zake ni hadithi za Alfu Lela Ulela.

Upanga ukibadilishwa mkono

Mtu anaweza kusema kwamba kugawa hadithi katika vipera ni kazi ya wauza vitabu. Charles R. Saunders anatuonyesha sivyo. Alikuwa Mmarekani mweusi aliyehamia Kanada, msomaji mwenye kiu wa hadithi za Howard, na aliona wazi jinsi watu weusi walivyodhalilishwa ndani yake. Angeweza kukitupa kipera chote. Badala yake alikifungua, akatenganisha kinachokiendesha na chuki iliyokiganda.

Kinachokiendesha alikiacha: mpiganaji mpweke, uchawi wa kuogopwa, safari zisizo na ufalme wa kurithi. Akaandika habari za Imaro, mwana aliyekulia miongoni mwa wafugaji wapiganaji wanaofanana na Wamaasai, katika bara la kubuni alilolipa jina la Kiswahili, Nyumbani. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1981. Aina hiyo ya uandishi aliiita *upanga na roho*, na waandishi wengine wakamfuata. Mwaka 2011 yeye na Milton Davis walihariri mkusanyo mzima wa hadithi za namna hiyo. Saunders alifariki mwaka 2020, na kipera chake kingali kinaandikwa.

Saunders aliweza kufanya hivyo kwa sababu alijua ni kipi ndani ya hadithi za Conan kilikuwa uti wa mgongo, na kipi kilikuwa ubaguzi wa zama zake. Asiyejua tofauti hiyo huishia kuiga majoka ya wengine, au kukataa utanzu mzima kwa sababu majoka hayo hayakuzaliwa kwetu. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuandika fantasia leo, na kikundi cha marafiki kinachotaka kubuni dunia ya mchezo ya Pwani au ya Maziwa Makuu, wana majini, waganga, mizimu na mashujaa wa tendi wa kuwatosha. Waanze kwa kuamua dunia hiyo itamlipa mtu kwa lipi na itamtoza nini. Wakishaamua hilo, watajua kama wanamhitaji joka au hawamhitaji.